Utabiri wa Dhoruba za Jua: Ni Unabii, Ni Ramli, au Ni Elimu?



Neno letu la Kiswahili "utabiri" limebeba mzigo mkubwa. Tunasema utabiri wa hali ya hewa, tunasema utabiri wa nabii Isaya, na tunasema utabiri wa mganga anayepiga ramli. Mambo matatu, neno moja. Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba neno moja likibeba maana nyingi, hoja inaweza kupotea njiani bila mtu kutambua. Mtu anaanza na maana ya kwanza, anamaliza na ya tatu, na anadhani bado yuko barabara ileile.

Tumelikuta jambo hilo wazi katika utume wetu wa kichungaji hapa Kidete, wilayani Kilosa. Ujumbe unazunguka kwenye simu, mara kwa sauti, mara kwa maandishi, ukisema kwamba wanasayansi wametabiri dhoruba ya jua, kwamba dunia itaingia gizani siku tatu, na kwamba kila familia ijiwekee mishumaa iliyobarikiwa. Ujumbe wenyewe hautaji tarehe inayoeleweka wala jina la mtu. Lakini nusu yake ya kwanza si uongo: dhoruba za jua zipo, na wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuzitabiri. Ndiyo maana tumeona tusiishie kusema "puuzeni." Tueleze kwanza utabiri huo unafanyikaje, kisha tuulize falsafa na imani vinatufundisha nini juu ya kuamini utabiri.

Jua nalo lina hali yake ya hewa

Jua liko umbali wa takriban kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Mwanga wake hutufikia baada ya dakika nane na sekunde chache. Lakini jua halitoi mwanga na joto tu. Linapuliza pia upepo wa chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, unaokwenda kwa wastani wa kilomita kama 400 kwa sekunde. Na mara nyingine jua hutapika: wingu kubwa la chembe hizo, likiwa limebeba nguvu ya sumaku, hung'oka na kurushwa angani. Likielekea upande wetu, tunapata kinachoitwa dhoruba ya jua.

Chanzo cha mambo haya kiko mara nyingi kwenye madoa ya jua, yaani sehemu nyeusi zinazoonekana juu ya uso wake. Padre Christoph Scheiner, Mjesuiti wa Ujerumani, alianza kuyachunguza mwaka 1611, wakati mmoja na Galileo, na wawili hao wakagombana vikali. Tuseme ukweli hata kama Scheiner ni wa kwetu: mwanzoni alidhani madoa ni sayari ndogo zinazopita mbele ya jua, na Galileo ndiye aliyekuwa sahihi kwamba yako juu ya jua lenyewe. Lakini Scheiner aliendelea kuchora madoa kwa miaka mingi, akabadili mawazo yake, na mwaka 1630 akatoa kitabu kikubwa juu yake. Baadaye Heinrich Schwabe, mfamasia wa Ujerumani, aliyahesabu madoa tangu 1826 hadi 1843, akagundua kwamba huongezeka na kupungua kwa mzunguko. Leo tunajua mzunguko huo huchukua takriban miaka 11. Alikuwa akitafuta sayari mpya. Sayari hakuipata.

Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington aliona mmweko mkali juu ya kundi la madoa. Baada ya saa 17 hivi sumaku za dunia nzima zilivurugika, nyaya za simu za maandishi zikatoa cheche, na mianga ya rangi ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za dunia ikaonekana hadi Karibiani. Hiyo ndiyo dhoruba kubwa kuliko zote tulizo na kumbukumbu zake za kisayansi. Msomaji aangalie jambo moja: haikuleta giza. Jua halikufifia hata dakika moja, na usiku ndio uliong'aa.

Kwa wale wanaodhani kwamba Kanisa linaogopa darubini, tumtaje pia Padre Angelo Secchi, Mjesuiti aliyeongoza kituo cha kuangalia nyota cha Collegio Romano mjini Roma, akafariki mwaka 1878. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzigawa nyota kwa aina kwa kuuchambua mwanga wake, na alilichunguza jua kwa bidii. Mwaka 2006 Marekani iliporusha satelaiti mbili za kulitazama jua, seti ya darubini zake ilipewa jina la SECCHI.

Simu kutoka Godegode

Wanasayansi hawa wanatabirije? Tutatumia mfano ambao kila mtu wa Kidete anaujua kuliko sisi.

Maji yanayotutesa hapa hayanyeshi hapa. Mto Kinyasungwe unateremka kutoka upande wa Dodoma, unapita Gulwe, unapita Godegode, unafika huku kwetu na kuendelea kwa jina la Mkondoa hadi Kilosa mjini. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliing'oa reli ya kati vibaya katika kipande hiki cha Kilosa na Gulwe, na wazee wanakumbuka mengine kabla na baada ya hapo. Mzee anayeishi kando ya mto, basi, hutabiri kwa hatua. Kwanza anatazama wingu zito upande wa Dodoma: huenda maji yakaja. Kisha anakadiria: mvua ikinyesha huko usiku, maji yanaweza kufika hapa baada ya muda fulani, kutegemea ardhi imelowa kiasi gani na mchanga umejaa wapi. Mwisho anapigiwa simu na ndugu yake wa Godegode: "Maji yamepita hapa sasa hivi, ni mengi, yanakokota magogo." Sasa habari ni ya uhakika, ila muda uliobaki ni mfupi. Anachukua watoto na mbuzi.

Utabiri wa hali ya hewa ya anga za juu unafanana na huo. Wingu la Dodoma ni jua lenyewe, linalotazamwa usiku na mchana kwa darubini za ardhini na za satelaiti kama SOHO, iliyorushwa mwaka 1995. Wingu la chembe likirushwa, darubini zinapima ukubwa wake, upande linakoelekea na mwendo wake. Safari ya kuja kwetu huchukua kwa kawaida siku moja hadi tatu.

Hapo ndipo modeli inapoingia. Modeli ni kanuni za fizikia zilizoandikwa kwa hesabu na kupewa kompyuta: wingu lenye uzito huu na mwendo huu, likipita katika upepo wa namna hii, litafika lini? Kituo cha Marekani kinachofanya kazi hiyo kiko Boulder, Colorado, na tangu 2011 kinatumia modeli iitwayo WSA-Enlil. Uingereza nayo ilifungua kituo chake ndani ya idara ya hali ya hewa mwaka 2014. Zipo pia modeli za aina nyingine, zinazotumia akili mnemba. Hizo hazianzi na kanuni. Zinalishwa takwimu za miaka mingi zilizopita na kutafuta ndani yake ni dalili zipi zilitangulia dhoruba zipi. Aina ya kwanza inafanana na mtu aliyesoma jinsi maji yanavyotembea, na ya pili inafanana na mzee ambaye hakusoma lakini ameona mafuriko arobaini.

Simu ya Godegode nayo ipo. Kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, kwenye mstari wa kuelekea jua, zimewekwa satelaiti, mojawapo ACE ya mwaka 1997. Wingu likizipita, zinatuma habari. Kutoka hapo hadi kwetu wingu hutumia kati ya dakika 15 na saa moja. Basi.

Na kuna jambo ambalo simu hiyo peke yake ndiyo inalisema. Dunia yetu ni sumaku kubwa, na sumaku hiyo hutukinga kama boma. Wingu linakuja na sumaku yake. Ikiwa sumaku ya wingu imeelekea kaskazini, boma linasimama vizuri. Ikiwa imeelekea kusini, ni kama ufunguo umeingia kwenye kitasa: mlango unafunguka na nguvu zinaingia. Mpaka leo hakuna njia ya kuaminika ya kujua mwelekeo huo kabla wingu halijafika kwenye zile satelaiti. Mtabiri wa Boulder anaweza kukuambia siku mbili kabla kwamba wingu linakuja. Kama litabisha hodi na kupita, au litaingia ndani, atajua dakika chache kabla.

Mtakatifu Thomas na aina tatu za sababu

Mama mmoja wa jumuiya, ambaye alikuwa ametumia fedha za mbegu za mahindi kununulia katoni ya mishumaa, alituuliza: "Mafrateri, hawa wanasayansi wanaonaje mambo ya kesho? Nao wanapata maono?" Tunadhani hilo ndilo swali lenyewe, na limeulizwa vizuri kuliko tunavyoliuliza darasani.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilijibu katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 95, anapojadili dhambi ya uaguzi. Anasema mambo yajayo yanaweza kujulikana ama katika sababu zake, ama yenyewe kwa yenyewe. Kuyajua yenyewe kwa yenyewe kabla hayajatokea ni kwa Mungu pekee, ambaye kwake yote yapo mbele ya macho. Anayejidai kuwa na ujuzi huo bila Mungu kumfunulia anajitwalia kisicho chake, na huo ndio uaguzi.

Lakini kuyajua katika sababu zake ni halali kwa binadamu, na hapo Thomas anazigawa sababu katika makundi matatu. Ziko zinazozaa tokeo kwa lazima na daima. Mfano wake ni kupatwa kwa jua, na mwenye elimu ya nyota anaweza kusema kwa uhakika kutatokea lini. Ziko zinazozaa tokeo mara nyingi, si daima. Hapa mtu hapati uhakika bali makisio, na mifano yake ni mvua na ukame, pamoja na tabibu anayekisia kama mgonjwa atapona. Na ziko zisizoelemea upande wowote, hasa utashi huru wa binadamu, ambazo huwezi kuzitumia kujua kitakachotokea.

Tunapenda sana mgawanyo huu, kwa sababu Thomas aliiweka mvua mahali pake karibu miaka mia saba kabla ya satelaiti. Dhoruba ya jua iko wapi? Kundi la pili, pamoja na mvua na mgonjwa. Wanasayansi hawana maono. Wanazo sababu, na sababu zenyewe ni za aina ile ambayo huzaa tokeo mara nyingi. Kwa hiyo mtabiri mkweli wa dhoruba hawezi kuongea kama anayetangaza kupatwa kwa jua, na akiongea hivyo amesema zaidi ya anachokijua. Vilevile anayekataa kusikiliza makisio yote kwa kuwa "ni Mungu tu ajuaye" anachanganya kundi la pili na la tatu. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 12, aliwakuta watu wanajua kuona wingu upande wa magharibi na kusema mvua inakuja, na hakuwalaumu kwa hilo. Aliwalaumu kwa kutosoma ishara nyingine zilizo kubwa zaidi.

Padre Benito Viñes, Mjesuiti wa Havana, Cuba, alijulikana tangu mwaka 1875 kwa kuonya watu juu ya vimbunga. Aliangalia mawingu ya juu, upepo na kipimo cha mgandamizo wa hewa, akayaandika mara nyingi kila siku, mwaka baada ya mwaka. Hakuwa nabii. Alikuwa na daftari.

Modeli inapokosea

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Makisio ya saa wingu la jua litakapofika hukosea kwa wastani wa saa kama 10, kabla au baada. Kwa safari ya siku mbili si vibaya, ila si kitu cha kupangia harusi. Makisio ya mzunguko mzima yana shida zaidi. Mwezi Desemba 2019 jopo la kimataifa la wataalamu lilitangaza kwamba mzunguko wa 25 wa jua utakuwa dhaifu, na kwamba kilele chake kitakuwa kipimo cha madoa 115, Julai 2025. Jua halikusoma tangazo hilo. Kilele kilikuja mapema, katika mwaka 2024, na kipimo kilikaribia 160.

Je, tuseme basi kwamba wale wataalamu ni waongo? David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti wa karne ya 18, angetukumbusha kwamba hakuna idadi ya jana inayoweza kuilazimisha kesho. Tumeona mizunguko 24 tu iliyohesabiwa vizuri, na dhoruba kama ya 1859 moja tu. Modeli iliyofundishwa kwa siku tulivu nyingi na dhoruba kubwa chache ni kama mtoto aliyezaliwa katika miaka ya ukame: mto anaujua, mafuriko hayajui. Karl Popper naye, katika karne ya 20, alisema dai la kisayansi linatambulikana kwa kuwa linaweza kupimwa na kukutwa na kosa. Lile jopo lilitaja namba na mwezi, na ndiyo maana tunaweza leo kusema lilikosea, na kwa kiasi gani. Ujumbe wa siku tatu za giza hautaji tarehe wala mahali. Usipotimia leo, unasubiri kesho, mwaka huu au mwaka ujao. Hauwezi kukosea kamwe, na kwa sababu hiyohiyo hausemi kitu.

Kosa la kukisia huwa na gharama. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha satelaiti 49 za Starlink wakati wa dhoruba iliyohesabiwa kuwa ndogo. Dhoruba ilipasha joto hewa nyembamba ya juu, hewa hiyo ikavimba, ikazikokota satelaiti zikiwa bado chini, na 38 kati yake zikapotea. Somo hilo la hewa ya juu, kwa njia, lina historia kwetu Afrika Mashariki. Aprili 1967 Waitaliano waliokuwa wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha satelaiti San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Kenya, na kazi yake ilikuwa kupima uzito wa hewa ya juu katika ikweta.

Dhoruba ya Mei 2024 ilikwenda vizuri zaidi kwa watabiri. Kituo cha Boulder kilitoa onyo la ngazi ya nne kati ya tano, ambalo lilikuwa halijatolewa tangu 2005. Ilipofika tarehe 10 Mei, karibu saa mbili usiku kwa saa zetu, ikapanda hadi ngazi ya tano, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Onyo lilikuwa sahihi, ukubwa ulizidi makisio. Huko Marekani wakulima waliokuwa wakipanda mahindi kwa matrekta yanayoongozwa na GPS walilazimika kusimama.

Sasa angalia kilichotokea siku mbili baadaye. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Dhoruba ya jua imetangulia, intaneti imefuata: nani asingeunganisha? Lakini sababu ilikuwa baharini. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwenye sakafu ya bahari upande wa Afrika Kusini. Kitabu cha mantiki kinakitaja kosa hili kwa Kilatini, lakini babu zetu wanalijua bila Kilatini: jogoo huwika kabla ya kupambazuka, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba akichinjwa jogoo hakutakucha.

Anga lililo juu yetu

Mtu anaweza kusema: mambo ya Colorado yanatuhusu nini? Dhoruba za jua hupiga zaidi nchi za karibu na ncha za dunia. Ni kweli kwa upande wa umeme. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba iliangusha gridi ya jimbo la Quebec, Kanada, na watu milioni sita wakakaa bila umeme kwa saa tisa. Huku kwetu mikondo ya namna hiyo ni dhaifu zaidi.

Lakini kuna jambo ambalo kwetu ni kali kuliko kwao. Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kilomita kama 80 kwenda juu, kuna tabaka la hewa lenye chaji ya umeme liitwalo ionosfia. Mapadre wazee wanalijua kwa njia nyingine: ndilo lililokuwa likirudisha chini mawimbi ya redio ya misheni, enzi ambazo kila asubuhi parokia za mbali ziliitana kwa radio call, na siku nyingine zikasikika vizuri, siku nyingine zikasikika kama zimezama majini. Ikweta ya sumaku inapita kaskazini yetu, Ethiopia. Kwa nguvu za umeme na sumaku, hewa yenye chaji hunyanyuliwa juu ya ikweta hiyo na kumwagika pande mbili, kama chemchemi. Mmwagiko wa kusini unaangukia eneo letu hili la Afrika Mashariki. Baada ya jua kutua, hasa karibu na Machi na Septemba, ndani ya tabaka hilo hutokea mapovu, na mawimbi ya satelaiti yakipita kwenye mapovu hutetemeka kama nyota zinavyomemeta. Kipokezi cha GPS kinaweza kukosea au kupoteza satelaiti. Kwa anayetafuta njia kwa simu si tatizo kubwa. Kwa mpima ardhi au rubani ni habari nyingine.

Modeli ya kimataifa ya tabaka hili inaitwa IRI. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma wameilinganisha na vipimo halisi vya vipokezi vya GPS katika eneo letu, kuona inapatana navyo wapi na inaachana navyo wapi. Kwa macho yetu hii ni kazi ya thamani kubwa. Modeli hujua inachofundishwa, na kwa miaka mingi vituo vya kupimia vimekuwa vingi Ulaya na Marekani na vichache Afrika. Anga lenye vurugu zaidi ndilo lililopimwa kidogo zaidi.

Kusoma tangazo kama lilivyoandikwa

Kilichotusukuma kuandika si jua peke yake. Tunaogopa kwamba mtu aliyechoshwa na utabiri wa uongo ataukataa na wa kweli. Aliyenunua mishumaa mara mbili na giza lisije, mara ya tatu akisikia redio ikisema "mvua kubwa inatarajiwa" atasema ni walewale. Na hapa Kidete, mvua ya Dodoma si utani.

Tazameni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inavyoandika. Haisemi "mafuriko yatakuja." Inatoa angalizo, au tahadhari, au tahadhari kubwa, na chini yake inaandika kiwango cha uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari zinazoweza kutokea: kidogo, wastani au kikubwa. Watu wengi huiruka mistari hiyo miwili. Sisi tunaona ndiyo yenye uaminifu wote. Ni Thomas kabisa: sababu za kundi la pili, zinazosemwa kwa lugha ya kundi la pili.

Na uwezekano si kukwepa lawama. Mtabiri akisema uwezekano ni asilimia 60, kisha mvua isinyeshe, hajasema uongo. Ukitaka kumpima, chukua siku zote alizosema asilimia 60. Kama mvua ilinyesha katika siku kama 60 kati ya kila 100, anajua kazi yake. Ikiwa ilinyesha katika 20 tu, anatia chumvi. Huwezi kumpima kwa siku moja, kama vile huwezi kumpima tabibu kwa mgonjwa mmoja.

Mtu mwenye busara afanye nini na asilimia 60? Thomas anaiweka kuona mbele kuwa sehemu ya fadhila ya busara, na busara inahusu tendo, si kujua tu. Hapo hesabu si ya mvua peke yake. Kuwahamishia watoto kwa shangazi aliye mlimani usiku mmoja ni gharama ndogo, na kubaki na kusombwa ni gharama isiyolipika. Hata uwezekano wa asilimia 20 unatosha kuwahamisha. Kuuza mbegu au kutumia fedha zake ni gharama kubwa, na kwa ujumbe usio na mwandishi wala tarehe hata shilingi mia ni nyingi. Katika Matendo ya Mitume sura ya 11, nabii Agabo alipotangaza njaa, Wakristo wa Antiokia hawakukaa wakijadili mwisho wa dunia. Walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, wakapeleka msaada Yudea. Na huyo alikuwa nabii wa kweli.

Kilele cha mzunguko wa jua kimepita, lakini dhoruba hazijaisha. Zile kubwa za Oktoba na Novemba 2003 zilikuja miaka kama miwili baada ya kilele cha mzunguko wake. Jumbe za simu nazo zitarudi. Mvua za msimu upande wa Dodoma huanza Novemba, na wazee wa kigango wamekubali kwamba tahadhari ya TMA ikitolewa isomwe baada ya Misa au ibada pamoja na matangazo, neno kwa neno, mistari ile miwili ikiwemo. Vijana wawili wenye ndugu Godegode wameshaandika namba zao ukutani mwa ofisi ya katekista.